Kuchonga pweza, konokono na kasa kwa jiwe la maweni: jiwe gani, unene gani, na chumvi nifanyeje?

Mwana_Jambiani:

Assalaamu alaykum mafundi.

Huku Jambiani, Unguja, kuna mabonge ya jiwe la maweni, yaani la matumbawe, yaliyotolewa kwenye msingi wa nyumba. Kubwa lao lina kimo cha sentimita 40 na upana wa 30 kwa 30. Mengine ni mapande bapa yenye unene wa sentimita 10 hivi. Nataka kutoa kazi tatu: pweza aliyekaa juu ya mwamba, minyiri yake imetambaa huku na huku, konokono mkubwa wa bahari, na kasa wa kuwekwa ukutani. Zote zitakaa nje, karibu na pwani, upepo wa kusi unazipiga moja kwa moja.

Vyombo vilivyopo ni tindo za ncha na bapa, nyundo ya kilo 1, grenda ya inchi 4½ na drili. Uzoefu wangu ni wa nakshi za milango, mbao tupu.

Naomba msaada hapa: jiwe zuri nitalijuaje kabla sijapoteza nguvu? Mnyiri wa pweza unaweza kuwa mwembamba kiasi gani bila kukatika? Halafu jiwe hili likikauka linatoa unga mweupe juu, ukiufuta unarudi. Mwisho, wapo wanaoshauri niachane nalo, nichukue jiwe la Kisii, na kazi ikiisha nipake vanishi ing'are. Nataka kusikia kwa wanaojua.

TindoBapa:

Waalaykumu salaam fundi. Mkono uliozoea nakshi unafaa sana hapa, ila kuna jambo moja la mbao lazima ulisahau. Mbao ina nyuzi, inavumilia kuvutwa na kupindwa. Jiwe linavumilia kubanwa tu. Likalie juu halina neno. Liache lining'inie, litakatika. Karibu kila uamuzi wa umbo unatoka hapo.

Kuchagua: osha bonge kwa maji na brashi ngumu mpaka udongo wote utoke, lilaze juu ya kipande cha mbao, kisha ligonge kwa nyundo ndogo pande zote. Mlio mkali unaodumu maana yake ni zima. Mlio mfu maana yake ndani mna ufa au pango. Baada ya hapo lirowanishe lote na uliache likauke kivulini. Uso utakauka kwanza, nyufa zitabaki na unyevu, utaziona kama mistari myeusi. Ziwahi kwa mkaa au penseli nene kabla hazijapotea, maana ukishaanza kugonga hutaziona tena mpaka zikuachie kipande mkononi.

Jiwe la maweni ni mwamba wa kale wa matumbawe, na ndani yake hamna kitu kimoja. Mna tumbawe lenyewe, mna makombe, mna mchanga wa bahari ulioshikana. Sehemu ya kijivu, ngumu, inaweza kukaa sentimita mbili tu kutoka sehemu ya manjano inayomomonyoka. Kwa hiyo chukua msumari ukwaruze kila upande. Panapochimbika kirahisi milimita 2 pafanye usuli (uso wa nyuma ya umbo) au mwamba wa chini. Panapokataa ndipo pa kutoa mnyiri, mdomo wa kombe na mapezi ya kasa. Angalia pia makombe ya zamani yaliyozikwa ndani. Mara nyingi hayakushikana vizuri na jiwe, na ukipiga karibu hung'oka mazima na kuacha shimo. Likiwa mahali pabaya, geuza mchoro wako sasa, usingoje. Likiwa mahali pazuri liache lionekane. Jicho la pweza lililotokea kwenye tundu la asili huwa na uhai kuliko la kuchimbwa.

Kabla ya kulinyanyua, piga hesabu. Bonge lako la 30 × 30 × 40 ni lita 36. Jiwe la chokaa lisilo na matundu lina kilo 2.7 kwa lita, hili lenye vitundu chukulia 2 hivi, kwa hiyo ni kilo 70 na zaidi, na likilowa huongezeka. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Lilaze juu ya mfuko wa mchanga, usilibane kwenye chuma.

Kwenye kupiga: tindo la ncha lishike kwa mlalo wa nyuzi 45 hadi 60. Ukilisimamisha wima unavunja vitundu vya ndani, na huko chini panabaki alama nyeupe za mchubuko ambazo msasa hauondoi, kwa sababu zimeingia milimita kadhaa. Elekeza pigo kwenye mwili wa jiwe siku zote. Ukipiga kuelekea ukingoni, ukingo unaondoka. Acha sentimita 1 nje ya mstari wako wakati wa kupunguza. Kisha ingia na tindo la meno ubakishe milimita 3, halafu tindo bapa, halafu tupa. Tindo la meno halipo kwenye orodha yako, na kwa jiwe hili ndilo linalofanya kazi kubwa. Tafuta lenye meno manne au matano, yenye kabaidi ukilipata, kwa sababu chuma cha kawaida kinaisha makali haraka kwenye sehemu ngumu.

Grenda itumie kupunguza mzigo tu. Kata mifereji sambamba kila baada ya sentimita 2, kina kikomee sentimita 1 kabla ya umbo, kisha vunja kuta zilizobaki kwa nyundo. Ukijaribu kuumba mviringo kwa diski, itakuachia vipande bapa vinavyoonekana hata baada ya msasa. Kinga ya diski isitolewe, na usimwagie maji chombo kilichochomekwa kwenye umeme.

Nakshi_Vuga:

Nitalitetea jiwe la Kisii, lakini kwa kazi moja tu kati ya hizo tatu.

Jiwe hilo linatoka Tabaka, Kisii, Kenya, na ulaini wake ni wa ajabu kwa aliyezoea mawe yetu: kisu kinalikata, msumeno wa mbao unaingia. Halina vitundu. Kwa hiyo mdomo wa konokono unaweza kuushusha mpaka milimita 8 ukabaki salama, na mikunjo ya ndani ikaonekana. Kwenye jiwe la maweni mdomo wa unene huo hauponi hata wakati wa kupiga msasa. Kama konokono atakaa ndani, au kwenye baraza iliyoezekwa, chonga kwa Kisii na utafurahi.

Nje, tena pwani ya mashariki, ni habari nyengine. Mng'aro wake wote ni wa juu, unatokana na msasa na nta, na mchanga unaopeperushwa na upepo unaukwaruza. Litafifia na kuwa na ukungu mweupe, na utalazimika kulirudia kila mara.

Muuzaji akikwambia jiwe ni la Kisii na una wasiwasi, kwaruza unga kidogo uudondoshee siki au ndimu. Unga wa matumbawe unatoa mapovu, wa Kisii unatulia. Jaribio hilo likufundishe jengine: kazi ya matumbawe isisafishwe kamwe kwa ndimu, siki wala dawa za choo, zinakula jiwe.

Kung'arisha Kisii: msasa wa maji namba 120, 220, 400, 600, 800, 1200, bila kuruka. Kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia, na njia ya kujua ni kulikausha jiwe kabisa na kuliangalia kwa mwanga wa pembeni, kwani likiwa na maji mikwaruzo yote inajificha. Kisha lianike juani mpaka lipate moto wa kushikika, paka nta ya nyuki kidogo sana, subiri ipoe, sugua kwa kitambaa cha pamba. Jiwe la maweni usilihangaikie kwa kiwango hicho. Ishia 120 au 220, zaidi ya hapo unang'arisha kuta za vitundu tu. Uzuri wake ni wa kutong'ara.

Vumbi ni hatari kwa yote mawili. La Kisii linaweza kuwa na chembe ngumu zinazokaa mapafuni, kwa hiyo lifanyie kazi likiwa limelowa. La matumbawe nalo si la kuvuta, hasa kwa grenda. Barakoa iwe ya vumbi yenye alama ya FFP2 au N95. Kitambaa ulichojifunga puani kinazuia unga unaouona, na unaodhuru ni ule usiouona. Miwani pia, hata kwa tindo.

Mwamba_Micheweni:

Naona suala la unga mweupe halijajibiwa, na ndilo litakaloamua kama kazi yako itaishi.

Ule unga ni chumvi. Jiwe la karibu na bahari limeinywa kwa miaka. Maji yakitoka ndani kwenda nje yanaibeba, yakikauka chumvi inaganda. Ikiganda juu ya uso unaona unga, na huo hauna madhara makubwa. Tatizo ni ile inayoganda milimita chache ndani. Chembe zake zinakua, zinasukuma kuta za vitundu, uso unavimba kisha unabanduka kwa vigamba. Siku ya unyevu inayeyuka, siku kavu inaganda tena, na kila mzunguko unachukua kidogo. Vikombe vya minyiri na nakshi ya gamba la kasa ndivyo vinavyoondoka mwanzo kwa sababu ni vyembamba.

Kwa hiyo vanishi usipake. Wala rangi ya mafuta, wala gundi iliyoyeyushwa. Ukifunga uso, chumvi haitoki tena na maji yanaendelea kuingia kwa chini. Basi kila kitu kinaganda nyuma ya vanishi na siku moja inatoka pamoja na ngozi ya jiwe.

Dawa ni maji, na subira. Punguza bonge kwanza mpaka karibu na umbo, maana jiwe dogo linatoa chumvi haraka kuliko kubwa. Kisha litumbukize lote kwenye pipa la plastiki, liwe limeinuliwa juu ya vigingi viwili vya mbao ili maji yapite chini. Maji yawe ya mvua. Visima vingi vya huko maweni vina uchumvi, ukitumia hayo unajaza badala ya kutoa. Wiki ya mwanzo badilisha kila siku, baadaye kila baada ya siku tatu au nne, kisha mara moja kwa wiki. Kwa unene wa sentimita 10 tarajia wiki kadhaa. Usijitie kwenye siku tatu halafu ukasema umemaliza.

Utajuaje imeisha? Wanaouza vifaa vya maji wana kipimo kidogo cha kuchovya kinachoonesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka. Pima maji ya mvua kabla hujayatia, andika, kisha pima yaliyokaa na jiwe kwa wiki. Namba haitalingana kabisa kwani jiwe lenyewe huyeyuka kidogo, lakini ikiacha kushuka kila unapobadilisha, chumvi ya kutoka imetoka. Kama huna kipimo, weka kijiko cha maji hayo kwenye kioo juani na kijiko cha maji safi pembeni yake, ulinganishe doa linalobaki.

Likaushe kivulini, polepole, limefunikwa gunia. Jua kali linavuta maji kwa nguvu na kuikusanya chumvi iliyobaki sehemu moja.

Kwa kuwa litapigwa na kusi, chumvi mpya itakuja tu. Lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa kusi ikipoa, na wakati wa masika liache mvua ilioshe. Usiliweke juu ya udongo moja kwa moja. Liinue juu ya kitako cha zege au jiwe gumu na baina yao weka karatasi nzito ya nailoni, ili lisinyonye maji kutoka chini.

Ukitaka kulipa kinga, lipake chokaa iliyozimwa vizuri, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kwanza. Chokaa inapumua, maji yanaingia na kutoka. Ila inajaza nakshi ndogo, kwa hiyo ichonge mistari kina zaidi kidogo kuliko unavyoitaka.

Kombe_na_Kaa:

Vyombo na chumvi vimeelezwa vizuri sana. Umbo limepitwa haraka, na kazi nyingi zinazouzwa pwani zinaangukia hapo: jiwe zuri, mkono mzuri, na mnyama ambaye mvuvi yeyote atamwangalia na kuona kuna kitu hakiko sawa.

Pweza. Lile fuko tunaloliita kichwa ni kiwiliwili chake. Macho yako pale fuko linapokutana na minyiri, yameinuka kidogo. Ukiyaweka katikati ya fuko unapata katuni. Minyiri ni 8, na mashina yake yameunganishwa kwa ngozi, kwa hiyo mnyiri usianze ghafla. Uanze kama mkunjo wa mwili kisha ujitenge taratibu. Vikombe viko safu mbili upande wa chini, vikubwa karibu na shina na vinapungua kuelekea ncha. Usivichonge kila mahali. Chagua sehemu mbili au tatu ambapo mnyiri umejigeuza, hapo vioneshe, kwengine mtazamaji atavijaza mwenyewe.

Vikombe anza kwa drili bila kugonga, biti ya milimita 14, kisha 12, 10, 8, ukiteremka na mnyiri, kina milimita 3 tu. Halafu viringisha ukingo kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Ukienda chini ya milimita 6 kwenye jiwe hili vinapotea baina ya vitundu vya asili na hakuna atakayejua ni vipi ulivyochonga.

Unene: kwa jiwe la maweni mnyiri ulale juu ya mwamba urefu wake wote. Kuutenganisha na usuli hakuhitaji kuutoboa chini. Chimba mfereji wa sentimita 1.5 hadi 2 pembeni yake, uingie kidogo chini ya tumbo la mnyiri. Kivuli kitafanya kazi iliyobaki. Ukitaka lazima mmoja uinuke, utoke kwenye mwamba na urudi kwenye mwamba, ushikwe pande mbili. Hapo unene usipungue sentimita 5 na uwazi usizidi 10. Ncha inayoning'inia hewani, iache. Kwenye bonge lako, sentimita 12 za chini ziwe mwamba na 28 za juu pweza.

Konokono. Makosa ni mawili na yote hufanywa kwenye mchoro, kabla ya tindo. La kwanza ni upande. Karibu konokono wote wa bahari wamejisokota kulia: ukisimamisha kombe, kilele juu na mdomo ukikutazama, mdomo uko kuliani kwako. Anayenakili picha iliyogeuzwa anachonga mnyama ambaye karibu hayupo. Weka kombe halisi mbele yako unapochora, hata dogo.

La pili ni msokoto. Watu wengi huchora mizunguko yenye nafasi sawa, na matokeo yake ni kamba ya jahazi iliyokunjwa. Kombe linakua kwa kuzidisha. Chora msalaba kupitia kitovu, upate mistari minne. Ukitaka kila mzunguko kamili uwe mara 2 ya uliopita, kila robo ya mzunguko zidisha kwa 1.19. Ukianza na milimita 10, robo inayofuata ni 11.9, kisha 14.1, 16.8, na ukirudi mstari wa mwanzo ni 20. Endelea hivyo: 23.8, 28.3, 33.6, 40. Unganisha alama kwa mkono, bila kona. Kwa kombe linalofunguka haraka, mzunguko uwe mara 3, robo ni 1.32: milimita 10, 13.2, 17.3, 22.8, 30. Nautilasi, ndugu wa pweza mwenye kombe, anakaribia huo wa 3. Huo ni msokoto wa kombe likitazamwa kutoka kileleni. Kila mzunguko pia unashuka chini kwa kipimo kinachokua vivyo hivyo, kwa hiyo fanya kwanza kielelezo cha udongo wa kufinyanga, nusu ya ukubwa, uchukue vipimo kwa bikari ukizidisha kwa 2.

Kasa. Amua ni yupi. Kasa wa kijani ana vigae vya gamba vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, ukingo laini na uso mfupi wa mviringo. Ng'amba vigae vyake vinapandana, vya mbele juu ya vya nyuma, ukingo wa nyuma una meno na mdomo ni mwembamba uliopinda. Wote wawili katikati wana vigae vikubwa 5, na kila ubavu 4. Sita au saba katikati ni kosa linaloonekana mara moja. Kwa jiwe la maweni ng'amba ni rahisi zaidi, kwani kupandana kunakupa ngazi zenye kivuli, wakati mistari myembamba ya kasa wa kijani inamezwa na vitundu. Kwenye pande la sentimita 10 bakisha 4 za usuli, gamba liinuke 6, mapezi 2.5 mpaka 3 na yashikane na usuli kote.

Na fikiria jua. Zanzibar mwanga wa adhuhuri unatoka juu kabisa, hasa mwezi Machi na Oktoba. Nakshi iliyo juu ya uso uliolala inafutika saa sita mchana. Ile ya ubavuni inapata kivuli kirefu. Kwa hiyo kazi yako nzuri kwa pweza iweke ubavuni, juu acha fuko liwe laini.

Mwana_Jambiani:

Shukran sana, nimefahamu mengi. Masuali mawili yamebaki. Mnyiri ukivunjika kazi ikiwa katikati, unaungwa vipi ili usitoke tena? Na kasa, ukuta wenyewe ni wa matofali ya saruji, atashikwa na nini?

Chokaa_Malindi:

Kwanza, nondo isiingie kabisa kwenye kazi hii, wala msumari, wala waya wa kufungia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na kwa hewa ya chumvi inaanza mapema. Inapasua jiwe kutoka ndani. Ukiona kazi ya nje yenye doa la hudhurungi na ufa ulionyooka, ndani mna nondo. Tumia fimbo ya stenlesi ya daraja la 316, au fimbo ya faibaglasi.

Kwa mnyiri wa sentimita 5, fimbo ya milimita 6 inatosha. Toboa milimita 8, kina sentimita 5 kila upande, drili ikiwa haigongi. Ili matundu yakutane sawa, weka tone la rangi katikati ya upande mmoja, bana vipande pamoja, kisha vitenganishe utoboe kwenye alama zote mbili. Puliza vumbi lote litoke. Gundi ya epoksi ikikutana na unga inashika unga, haishiki jiwe. Na kwa kuwa jiwe hili linakunywa, pitisha kwanza gundi nyembamba kwenye tundu, iache ianze kunata, ndipo ujaze. Usipake gundi uso wote wa mpasuko. Iweke katikati, ukibakisha ukingo wa sentimita 1 pembeni bila gundi, ili unyevu upite na mstari usionekane. Bana kwa mpira wa tairi la baiskeli, acha saa 24. Jiwe liwe kavu kabisa siku hiyo.

Ule ukingo uliobaki, na mashimo ya makombe yaliyong'oka, jaza kwa chokaa iliyozimwa fungu 1 na unga wa jiwe lilelile mafungu 2½ mpaka 3. Chekecha unga, changanya na maji machache sana, mchanganyiko uwe wa kukandika kwa kidole. Rowanisha shimo kwanza, kandika kwa tabaka za sentimita 1, funika kitambaa chenye unyevu kwa siku kadhaa. Ikikauka haraka inabaki unga. Saruji usitie hata kidogo: ni ngumu kuliko jiwe, ina chumvi zake, haipitishi maji, na baada ya muda jiwe linalika pembeni na kiraka kinabaki kimesimama peke yake.

Kasa wako, tuseme 40 kwa 35 na wastani wa unene wa sentimita 8, ni lita 11 hivi, kwa hiyo kilo 22. Usimtegemeze kwa gundi. Uzito ubebwe chini: fimbo mbili za stenlesi za milimita 10 ziingie ukutani sentimita 8, zimeinamia ndani kidogo, kisha kasa akae juu yake kwenye matundu mawili yaliyotobolewa nyuma. Juu, fimbo moja ya kumzuia asianguke mbele. Matofali mengi yana uwazi ndani, kwa hiyo tafuta panapolia pazito au jaza uwazi kwa zege siku chache kabla. Mwache na nafasi ya sentimita 1 baina yake na ukuta. Akibandikwa kabisa, chumvi na unyevu wa saruji vitahamia kwake.

Bahari_Safi:

Nyongeza kwa faida ya wengine watakaosoma. Kuna wanaotazama mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, yenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na kuuliza kwa nini nakshi ile ni nyembamba hivyo. Mafundi wa zamani wa pwani hii walichonga nakshi nyembamba kwa tumbawe lililotolewa baharini likiwa bado na maji, laini, ambalo huwa gumu likikaa hewani. Njia hiyo leo haipo. Kukata tumbawe hai ni kubomoa mazalia ya samaki na ni kosa. Jiwe la nchi kavu linatosha, nalo uchimbaji wake unahitaji kibali. Anzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wako. Haya ya msingi wa nyumba yalishatoka, ndiyo bora kuliko yote.

Gamba halisi la kasa usilibandike kwenye kazi, wala kulitumia kama kielelezo cha dukani. Biashara yake imekatazwa kimataifa. Ukimuuzia mgeni kazi ya jiwe la maweni, mwandikie risiti yenye maelezo kwamba ni jiwe la kale la nchi kavu. Matumbawe magumu yanahitaji kibali kuvuka mipaka, yaliyogeuka mwamba hayahitaji, lakini ofisa wa uwanja wa ndege ataona tumbawe tu kama hana karatasi.

TindoBapa:

Fundi, kabla hujaanza: ule uwazi chini ya mnyiri ulioinuka ufungue mwisho wa kazi yote. Maliza juu ya mnyiri kwanza, vikombe, tupa, msasa, wakati bado umekaliwa na jiwe lote. Ukiutoboa mapema kila pigo la juu linakuwa pigo la kuuvunja. Toboa matundu madogo mengi kwa drili, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka ule, yakutane katikati, maana biti ikitokea upande wa pili inabandua ukingo. Kisha unganisha matundu kwa tupa nyembamba ya duara, bila nyundo, huku umejaza kitambaa kilicholowa kwenye sehemu iliyokwisha funguka ili mnyiri uwe na pa kuegemea.